Gari Haliendi kwa Mafuta Peke Yake

Wiki hii twataka kusema juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, tena la mafundi, lisilostahili nafasi katika gazeti la Chama. Twataka kusema juu ya oili. Yule anayetafuta hoja za siasa asifunge gazeti bado, kwani jambo hili limekwisha ingia katika kamati yetu, na Jumamosi ijayo litapigiwa kura, na mtu mmoja aweza kupoteza kazi yake kwa ajili yake.

Habari zenyewe ni hizi. Gari la tawi letu, Land Rover ya dizeli iliyonunuliwa kwa michango ya wanachama, lilikufa injini katika njia ya kutoka Sengerema kwenda Nyehunge. Tunaposema michango ya wanachama hatusemi kwa mdomo tu. Wakulima wa pamba walitoa baada ya mauzo, waalimu walikatwa mishahara kwa hiari yao, na wanawake wanaoanika dagaa pwani ya ziwa walikusanya sarafu kwa sarafu. Mama mmoja hakuwa na fedha, akaleta kuku wawili, nao wakapigwa mnada pale pale mkutanoni. Gari hilo lilikwenda mikutanoni, na usiku lilichukua wagonjwa. Sasa liko juu ya mawe nyuma ya ofisi. Mwanza ni mji wa mawe, twajua, lakini Mungu hakuyaweka mawe hayo ili tuegemeze magari yetu juu yake.

Siku hiyo sisi tulikuwamo ndani. Tuliondoka mjini alfajiri, tukapita Usagara, tukavuka daraja la Kigongo na Busisi, ambalo tangu lilipofunguliwa Juni 2025 limetuondolea ile adha ya kungoja kivuko na kuhesabu magari yaliyo mbele yako. Tulipokuwa tukipanda mwinuko ng'ambo ya pili, dereva wetu alisema, “Ndugu Katibu, taa ya oili imewaka ikazimika. Tusimame niitazame.” Tukamjibu, “Mzee, mkutano ni saa nne. Twende, tutatazama Sengerema.” Tulipofika Sengerema hatukutazama. Twaandika hivi wazi kwa kuwa katika taarifa iliyosomwa mbele ya kamati maneno hayo hayamo.

Baada ya Sengerema injini ilianza kulia tiki-tiki-tiki, kama cherehani. Dereva akapunguza mwendo. Halafu ukaja mlio mwingine, mzito, wa kugonga, kama mtu atwangaye mahindi makavu katika kinu, na kila alipokanyaga mafuta mtwangaji naye aliongeza nguvu. Hata robo saa haikupita. Gari lilitikisika mara moja, likasimama, na tulipojaribu kuliwasha halikuzunguka hata kidogo. Injini ilikuwa imenoki.

Lori la mihogo lilitukokota kwa kamba kurudi Sengerema. Fundi tuliyempata, mtu mzima mwenye maneno machache, alitusalimu “Mwangaluka,” akafunua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Ncha yake ilikuwa kavu. Alipofungua nati ya chini, injini ile ambayo yachukua lita sita na kitu ilitoa lita zisizotimia mbili, nazo nzito, nyeusi kama lami. Akachukua tone kidoleni, akalipeleka kwenye jua, tukaona vimeremeto vidogo kama vumbi la shaba. Akasema, “Hizo ni beringi zenu. Ndugu zangu, gari hii haikufa leo. Leo mmeizika tu.”

Basi yafaa tueleze oili hufanya kazi gani, maana katika kamati tumesikia watu wazima, wenye elimu yao, wakisema kwamba “mafuta yalikuwamo, tenki lilikuwa nusu.” Dizeli na petroli ni chakula cha injini, huliwa kikaisha. Oili si chakula. Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka mara elfu na zaidi kila dakika, na krenki huzunguka juu ya beringi zake kwa kasi hiyo hiyo. Kama chuma kingegusana na chuma kwa mwendo huo, vyote vingeshika moto na kugandana. Pampu huivuta oili kutoka chini, katika sampu, huipitisha katika chujio, na kuisukuma mpaka katikati ya chuma na chuma, ikawa kama utando mwembamba ambao krenki huelea juu yake. Chuma hakigusi chuma. Tena oili hiyo huchukua joto ambalo maji ya radieta hayafiki, na huosha masizi, na huziba pengo dogo kati ya ringi na silinda.

Oili ikipungua, kwanza hutaona kitu. Iliyobaki huzunguka upesi zaidi, hupata joto zaidi, huchoka upesi. Kisha siku moja gari likipanda kilima au likikata kona, oili kidogo iliyo katika sampu hukimbilia upande mmoja, na pampu huvuta hewa. Hapo ndipo ile taa nyekundu huwaka kidogo ikazimika. Wengi wetu hudhani taa ile ni kipimo cha wingi wa oili, kwamba ikiwaka maana yake “ongeza ukifika.” La hasha. Taa ile yasema kwamba nguvu ya msukumo imekwisha, na kwamba chuma kimeanza kugusa chuma wakati huo huo unapoitazama. Ikiwaka, zima injini mahali ulipo, hata kama ni katikati ya mkutano wa mheshimiwa. Dereva wetu alilijua jambo hilo. Sisi tulikuwa na saa mkononi.

Sasa turudi katika kamati. Hoja iliyoletwa ni kwamba dereva afukuzwe na akatwe fedha ya matengenezo, kwa sababu gari lilikuwa mikononi mwake. Bwana mmoja alisema kwa sauti kubwa kwamba gari la umma halina uchungu kwa asiyelinunua, na watu wakapiga makofi. Maneno hayo yana ukweli kwa madereva wengi, nasi tumewaona wale wanaofyonza dizeli usiku na kuiuza kando ya barabara. Lakini yafaa mtu ahukumiwe kwa kosa lake mwenyewe, si kwa makosa ya kabila la madereva.

Katika jalada la ofisi kuna hati tatu. Zote zimeandikwa kwa mkono wa dereva yule, kwa penseli, kwa maneno mafupi. Ya kwanza yaomba oili na chujio kwa kuwa kilomita zimepita. Ya pili, ya wiki sita baadaye, yasema sili ya nyuma ya krenki inavuja na gari linaacha doa kila asubuhi. Ya tatu yaomba angalau lita mbili za kuongezea. Ya kwanza haikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwamba fungu limekwisha. Ya pili imeandikwa pembeni kwa wino wa buluu, “Ngoja mwezi ujao,” na saini iliyo chini ya maneno hayo ni yetu. Mwezi ule tulikodi vipaza sauti vikubwa kwa mikutano ya kata nne, tukachapisha fulana, na tulisifiwa kwa kazi nzuri.

Na lile doa nalo twalikumbuka. Lilikuwa pale uwanjani, mbele ya mlango wa ofisi, kubwa kama sahani, na kila siku likapanuka. Watoto wa jirani walilirukia kwa mchezo. Wajumbe wa kamati waliliruka wasichafue viatu. Hata mmoja wetu hakuuliza, doa hili latoka wapi?

Kwa maoni yetu hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe, nao si ugonjwa wa tawi moja. Sisi watu wa vyama na ofisi twapenda siku ya kupokea kitu. Gari likija jipya, tutalipamba kwa matawi ya miti, akina mama watapiga vigelegele, picha itapigwa. Lakini fungu la kulitunza halipigiwi picha. Katika bajeti zetu kuna mstari wa mafuta, kuna mstari wa posho, na mara nyingi oili, chujio na matairi hufichwa chini ya “mengineyo,” na mengineyo ndiyo hukatwa kwanza.

Wazee wa kanda hii wamekwisha yaona haya. Chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, Victoria Federation, kilichoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani na wenzake, kilijengwa kwa mizani ya haki na hesabu iliyoandikwa, kila kilo na kila senti, na kwa sababu hiyo mkulima alikiamini. Lakini katikati ya miaka ya 1960 yalipoletwa matrekta ya kulima mashamba ya pamoja Usukumani, hesabu ile haikuwafuata madereva shambani. Matrekta yalilimishwa katika vumbi na visiki, mafundi na vipuri vikawa haba, madeni yakaongezeka, na mpango ukadhoofika kabla ya miaka ya 1960 kwisha. Kulikuwa na sababu nyingine pia, za bei na za ardhi, wala hatutaki kuitwika oili mzigo wote. Ila watu wakarudia jembe na plau ya ng'ombe, na hawakukosea sana, maana ng'ombe akiwa na njaa hulia, na mwenyewe husikia.

Au tazameni ziwa lenyewe. Meli ya Victoria iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika. Kwa zaidi ya nusu karne ilichukua watu wa Bukoba na ndizi zao. Mwaka 2014 ilisimama kwa ubovu, na haikurudi kazini mpaka Agosti 2020, baada ya kufanyiwa ukarabati mkubwa na mafundi kutoka Korea ya Kusini uliogharimu Taifa mabilioni ya shilingi. Kwa miaka sita msafiri wa Bukoba alizunguka kwa basi njia ya Geita na Biharamulo. Meli ikizeeka huzeeka, hatusemi kwamba kuna aliyeilaza kwa makusudi. Twasema kwamba matengenezo yaliyoahirishwa hayafutiki, hungoja na kuongezeka riba kama deni la duka.

Kwa upande mwingine wa nchi, huko Kigoma, kuna kisa ambacho twapenda kuwasimulia vijana wetu. Wajerumani walikuwa na meli katika Ziwa Tanganyika, Graf von Goetzen, iliyoshushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, walipoona hawana budi kuuacha mji, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walioiunda waliipaka mitambo yake grisi nene kila mahali. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na baada ya miaka karibu minane chini ya maji mitambo ikaonekana ingali yafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Hatuwasifu Wajerumani kwa utawala wao, wazee wetu walionja kiboko chake. Twaisifu ile grisi. Watu waliokuwa wanashindwa vita, wanakimbia, walipata muda wa kupaka grisi. Sisi tuliokuwa tukiwahi mkutano wa saa nne hatukupata dakika tano.

Dakika tano ndizo zinazotakiwa, na hata mtu asiye fundi aweza. Gari lisimame mahali pa sawasawa, injini izimwe, ungoje kidogo oili iteremke. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa karibu na ya chini, ongeza kidogo kidogo, wala usipitishe ya juu, maana oili ikizidi nayo huleta madhara yake, hutoka povu na kupasua sili. Kisha tazama rangi. Katika injini ya dizeli weusi peke yake si ugonjwa, oili yake huwa nyeusi mapema. Lakini ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na pengine gasketi ya silinda hedi imekwisha. Ikimeremeta, mwite fundi siku hiyo hiyo.

Tazama na moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili, ringi zimechoka au kuna sili iliyopasuka, na gari la namna hiyo hupimwa kila asubuhi bila kukosa. Moshi mweusi mara nyingi ni chujio la hewa lililojaa vumbi, jambo la kawaida katika njia zetu. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto huenda ni maji. Na ukiona doa chini, weka kipande cha boksi usiku, asubuhi utajua lilipodondoka na kwa kiasi gani. Mambo haya dereva wetu alitufundisha wiki iliyopita, tulipokaa naye juu ya benchi kando ya gari lililokufa. Tulisoma miaka miwili chuo cha ualimu, tukajifunza kuandaa somo na kujaza daftari la mahudhurio mpaka macho yakauma, lakini somo hili tulilipata kwa mtu tunayetaka kumfukuza.

Daftari la mahudhurio ndilo lililotupa wazo. Mwalimu huita majina kila asubuhi, hata kama anaona kwa macho kwamba darasa limejaa. Vivyo hivyo gari liwe na daftari lake: tarehe, kilomita, oili imepimwa na nani, imeongezwa kiasi gani, imebadilishwa lini. Kitabu cha gari hutaja kilomita za kubadilishia oili, na aendaye siku zote katika vumbi na mzigo asingoje zitimie. Na asiyepima siku hiyo aandikwe jina lake, awe dereva au Katibu.

Wengine watatuambia, fedha hakuna. Fedha ya debe dogo la oili haikuwapo, lakini sasa fundi ataka shilingi milioni tatu na laki nne, mbali na siku za kazi zilizopotea. Je, hizo zipo? Kamati imekwisha anza kuzungumza juu ya mchango mwingine. Tutakwenda tena kwa yule mama wa kuku wawili, naye bila shaka atatuuliza gari liko wapi.

Neno moja kwa ndugu zetu wavuvi wa Igombe, Kayenze na visiwani, maana tumesikia wanatucheka. Ninyi wenye mashine za boti za kuchanganya oili katika petroli, punguzeni kucheka. Twawajua wanaopunguza oili katika mchanganyiko ili fedha itoshe petroli nyingine, na mashine ikinoki katikati ya ziwa usiku hakuna lori la mihogo la kuwakokota. Na wote wenye gereji kandokando ya maji, oili chakavu msiimwage mferejini. Mferejini ni ziwani, na ziwani ndiko mnakochota maji ya chai.

Kuhusu Jumamosi, msimamo wetu ni huu. Dereva abaki kazini. Asikatwe hata senti moja, isipokuwa kamati nzima ikatwe pamoja naye, kila mjumbe kwa sehemu yake, na sisi tuliotia saini kwa sehemu iliyo kubwa zaidi. Jina letu tumekwisha liandika juu kabisa katika orodha ya mchango wa injini, na tumelipa nusu. Fungu la oili, chujio na matairi litengwe peke yake katika bajeti, lisiguswe kwa vipaza sauti wala kwa fulana. Zile hati tatu tumeziomba kwa karani, naye amezitoa. Zitasomwa mbele ya wajumbe kabla ya kura, pamoja na yale yaliyoandikwa pembeni.